Taa Juu ya Majaruba

Kazi yangu ni kupima macho. Nina chumba kimoja jirani na stendi ya Buzuruga, chenye kiti, ubao wa kupimia, kasha la lenzi na pazia zito la bluu linalozuia vumbi na macho ya wapita njia. Kwa miaka kumi na saba nimewauliza watu swali lilelile, unaona nini, na nimejifunza kutolipokea kila jibu. Nimempima dereva aliyeukariri ubao mzima akiwa kwenye benchi anasubiri zamu yake, akausoma vizuri sana huku nimeshaugeuza upande wa nyuma. Nimempima mama aliyeapa kwamba haoni kabisa, kisha akaniambia blauzi yangu ina kifungo kimoja cha rangi tofauti.

Mwanzoni nilitumia ubao wa herufi za kawaida. Ulinishinda. Wateja wangu wengi ni Wasukuma, na mtu akiitazama R halafu akasema "eli", sikujua tatizo liko kwenye jicho au kwenye ulimi. Nina hakika kuna watu wawili watatu niliowavalisha miwani ambao hawakuwa na kasoro yoyote ila lafudhi. Tangu hapo natumia ubao wa E, ile inayogeuzwa huku na huku, na mtu ananionyesha kwa mkono tu miguu ya hiyo E imeelekea wapi.

Nayasema haya ili ijulikane nilikuwa mtu wa namna gani siku mzee yule alipoingia. Nilikuwa mtu asiyeamini kwa urahisi, na nilijivunia hilo.

Aliletwa na binti yake, ambaye anauza vitenge hatua chache kutoka mlangoni kwangu na tunafahamiana. Binti alikuwa ameniomba tangu jana yake nimpime baba yake kwa makini, maana macho yamemchakaa na hataki kukubali. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, amevaa koti la suti juu ya kanzu fupi na viatu vya mpira. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti kama mtu aliyeitwa shahidi mahakamani.

Nilimfunika jicho la kushoto nikaanza na E kubwa ya juu. Mkono wake ulikwenda bila kusita. Nikashuka mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Nikafika mstari wa mwisho kabisa, ambao mimi mwenyewe siusomi bila miwani, naye akaonyesha kulia, juu, kushoto, chini, kulia. Jicho la pili likawa vilevile. Nilipotaka kumwondoa kitini, akaniambia chini kabisa ya ubao kuna maandishi madogo ya mtu aliyeuchapa, na kwamba yamepinda kidogo. Niliusogelea ubao nikainama. Kweli yalikuwa yamepinda.

Nilimgeukia binti nimpe habari njema, nikamkuta amejishika shavu kama mtu aliyefiwa.

Mzee akaomba cheti. Nikamwandikia kwamba macho yote mawili yanaona mbali bila kasoro. Akakisoma, akaniomba niongeze kwamba yanaona hata gizani. Nikamweleza kuwa sipimi watu gizani. Akanijibu kwa upole kwamba pazia ninalo. Basi nikalivuta pazia, nikazima taa, chumba kikabaki na mwanga mdogo unaopenya chini ya mlango, naye akausoma ubao mpaka mstari wa nne. Sikuwa na la kufanya. Niliongeza maneno "hata katika mwanga hafifu", nikapiga muhuri, nikatia sahihi. Ndipo nikauliza, kwa kuchelewa kama kawaida ya wajuaji, cheti hicho ni cha nini.

Mzee akanisimulia. Anaishi kijiji kimoja upande wa Magu, ana majaruba ya mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji, na kwa miaka mingi amekuwa mwenyekiti wa kamati inayogawa zamu za maji. Miezi miwili iliyopita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, alikwenda kufungua mlango wa maji pamoja na shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye ni katekista wa kigango chao. Mbingu ilikuwa safi haina wingu. Akaona taa. Zilitokea upande wa ziwa, moja nyuma ya nyingine, zikiwa zimejipanga kama shanga kwenye uzi, zinakwenda polepole kuelekea Serengeti bila sauti yoyote. Zilitokea moja moja, kama zinatoka mlangoni. Alihesabu mpaka ishirini na mbili ndipo akaacha, maana alikuwa anamwita shemeji yake atazame.

"Akasema natazama," mzee alisema. "Akatazama kulekule ninakoonyesha. Akasema hakuna kitu."

Baadaye, zile zilipokwisha kupita, ikabaki nyingine moja, kubwa zaidi, imesimama karibu na ardhi, juu kidogo ya mlango wa maji. Ilikaa kidogo, halafu ikarudi ilikotoka.

Tangu siku hiyo kijiji kilikuwa kimegawanyika. Wapo waliomwamini mzee, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake: ni ndege za kivita, ni mizimu, ni watu wa sayari nyingine wanaotafuta maji. Na wapo waliosimama na katekista, aliyekuwepo palepale na hakuona kitu. Kundi hili la pili ndilo lililokuwa na hatari, kwa sababu lilikuwa limeanza kusema kwamba mtu anayeona taa zisizokuwepo hawezi kuaminiwa kusoma alama za kina cha maji. Wengine walisema ni mtoto wa jicho. Wengine walisema ni uzee. Ukapangwa mkutano wa kumwondoa kwenye uenyekiti. Watoto wake, kwa kumwonea huruma, waliamua apimwe, aonekane ana kasoro ya macho, avishwe miwani na aibu iishe. Ndiyo maana binti yake alikuwa amejishika shavu.

Mimi nilifurahi. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi, na jibu nilikuwa nalo. Nilimweleza kwamba zile ni setilaiti za intaneti, ambazo hurushwa nyingi kwa pamoja, na siku chache za mwanzo hutembea kwa mstari kabla hazijatawanyika. Zinang'aa kwa sababu jua linazipiga huko juu wakati sisi huku chini bado tuko gizani. Ile kubwa ni nyota ya asubuhi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, na adabu yake ilinifanya nijione ninasema mambo ya maana.

"Wewe ulikuwepo?" akaniuliza.

Nikakiri kwamba sikuwepo.

"Shemeji yangu alikuwepo, anasema hakukuwa na kitu. Wewe hukuwepo, lakini unasema kitu kilikuwepo. Afadhali wewe." Akakunja cheti mara nne. "Ila nyota ya asubuhi naijua tangu nachunga ng'ombe wa baba yangu. Siku ile ilikuwa upande wake, imekaa zake."

Akaaga.

Haikupita muda nikaanza kupata wateja kutoka Magu. Binti wa mzee alinipa habari kwamba cheti kimewekwa kwenye fremu ya kioo, palepale ilipokuwa picha ya marehemu babu yao, na babu amehamishiwa ukuta wa pili. Kilikuwa kimesomwa mbele ya kamati, na yale maneno yangu ya mwanga hafifu yalisomwa mara mbili. Kijijini ilikuwa inasemwa kwamba mpimaji wa Mwanza amethibitisha taa. Akaja kijana mmoja anayetaka cheti kwamba aliona chui. Akaja mama mmoja amemshika mumewe mkono, anataka mume apimwe kwa sababu kila Jumapili akitoka kwenye pombe anapita karibu na mkwewe na kudai hakumwona. Yule mwanamume alikuwa na macho mazima kabisa, na alinitazama wakati wote wa kupimwa kwa namna ya kuniomba nimwonee huruma. Niliandika ukweli. Sijui kilichompata.

Halafu, siku moja ya mvua ambapo stendi nzima ilikuwa imekimbilia vibarazani, akaingia mwanamume wa makamo mwenye mwavuli, msalaba mdogo kwenye kola na adabu ya ajabu. Alinisalimia mimi, akaisalimia stendi yangu ya kutundikia makoti, kisha akakaa. Alikuwa ndiye yule katekista, shemeji wa mzee.

Aliniambia amekuja kupimwa ili naye apate cheti. Aliposikia kwamba shemeji yake ana cheti, aliona ni haki pande zote mbili ziwe na karatasi. Nikamkalisha. Nikamuuliza E ya juu kabisa, ile iliyo kubwa kama sahani, imeelekea wapi.

Akageuza kichwa huku na huku. "Ubao umeutundika wapi?" akauliza.

Nilimpima kwa karibu saa nzima, maana sikuwa nimekutana na jambo kama lile kwa mtu anayetembea mwenyewe barabarani. Vitu vya karibu alikuwa anaviona vizuri, alisoma kitabu chake cha sala bila shida. Lakini kitu chochote kilichopita urefu wa mkono wake kilikuwa ni ukungu. Nilipomuuliza ameishije hivyo, alinieleza bila kuficha. Tangu utotoni alidhani watu wote wanaona vile. Na kwa kuwa hakumtambua mtu mpaka amfikie, alijizoeza kumsalimia kila anayekuja, tena kabla hajasalimiwa. Kwa ajili hiyo anasifiwa kijijini kuwa ndiye mnyenyekevu kuliko wote, na unyenyekevu huo ndio uliomfanya achaguliwe kuwa katekista. Alikiri kwamba ameshawaamkia shikamoo visiki vingi, na mara moja ng'ombe wa jirani.

Nikaweka lenzi kwenye fremu ya kupimia, nikamvisha. Alitazama ubao. Akatazama dirisha, akaona mvua. Alikaa anaitazama mvua kwa muda mrefu, halafu akavua, akanirudishia, akaniomba jambo moja: nisimwambie mtu.

Nilimwahidi. Siri ya mteja ni ya mteja, hata akiwa ndiye shahidi mkuu wa upande wa pili. Nikamtengenezea miwani, akaifunga kwenye leso, akaitia mfuko wa ndani wa koti, na akaondoka haoni vilevile kama alivyokuja. Alivyonieleza, akionekana nayo hata mara moja, kila mtu atajua ushahidi wake ulikuwa wa mtu asiyeona hata tuta alilosimama juu yake. Cheti hakukiulizia tena.

Kwa hiyo nikawa najua, na sikuweza kusema. Mzee anaona mpaka kosa la mchapaji. Shemeji yake haoni mlango wa kanisa. Na kijiji kizima kilikuwa kinajiandaa kumwondoa mwenye macho kwa neno la asiye na macho. Nililala nalo siku kadhaa.

Basi binti wa mzee alipokuja kuniambia kwamba mkutano umepangwa Jumamosi na baba yake anaomba niende nikaeleze kitaalamu, nilikubali mara moja. Si kwa wema peke yake. Nilitaka kuwa mtu wa kulimaliza jambo hili. Kwenye simu yangu nilikuwa na programu inayotaja setilaiti zitapita wapi na saa ngapi, na nilipoifungua nikaona bahati ambayo sikuiomba: kundi jipya lilikuwa limerushwa wiki hiyo, na Ijumaa jioni lingepita juu ya Magu saa moja na dakika ishirini na sita. Nikamwambia binti awatangazie watu wote wakusanyike kwenye tuta la mfereji mkuu Ijumaa, kabla ya mkutano, nami nitawaonyesha kwa macho yao. Watu wakishaona taa zinapita kwa saa iliyotajwa, kama basi, hakuna atakayezungumza tena habari za mizimu wala watu wa sayari nyingine. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Tulifika kijijini alasiri. Nilikaribishwa wali na sato, nikaonyeshwa cheti changu kwenye fremu, nikaonyeshwa pia picha ya babu kwenye ukuta wake mpya. Jua lilipokuwa linazama tukaelekea kwenye tuta. Nilitarajia watu thelathini. Walikuwa zaidi ya mia mbili, na bado wengine walikuwa wanakuja kwa mstari kati ya majaruba, na mama mmoja tayari alikuwa anauza maandazi. Katekista alikuwepo, amesimama pembeni kidogo, anasalimia kila upande.

Nilipewa nafasi ya kusema. Nikaeleza setilaiti ni nini, zinarushwaje, kwa nini zinang'aa. Niliongea vizuri, naweza kusema hivyo mwenyewe. Nikaeleza kwamba kama ni kweli ninachosema, basi taa zitatokea kule, juu ya miti ile ya upande wa ziwa, saa moja na dakika ishirini na sita, wala si kabla wala si baada. Nikatoa simu, nikaiinua ili wote waione ile saa, na nikabaki nimeiinua.

Giza likaingia. Nyota zikaanza kutoka. Watu walinyamaza, na kelele ya vyura ikajaa kila mahali. Nilikuwa nimesimama kati ya mzee na katekista, na ilipobaki kama dakika tano nikasikia upande wangu wa kushoto kitambaa kinafunguliwa taratibu. Sikugeuka. Nilijua ni nini. Kulikuwa na giza, hakuna mtu ambaye angemwona, na nadhani mwanadamu yeyote mwenye miwani mpya mfukoni angeshindwa kuvumilia.

Halafu katekista akaita, kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo ilisikika mbali.

"Shemeji."

"Naam," mzee akajibu.

"Zimekuwa nyingi hivi siku zote?"

"Taa hazijaja bado."

"Si taa. Nyota."

Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa akisoma kanisani kila sikukuu ya Epifania habari za ile nyota ya mashariki iliyowaongoza mamajusi, alikuwa anaziona nyota kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilisikia anavyopumua. Nilitaka kumshika mkono, lakini mkono wangu ulikuwa umeinua simu.

Saa moja na dakika ishirini na sita, taa zikatokea.

Zilitokea palepale nilipoonyesha, moja, ya pili, ya tatu, zikipanda juu ya miti kwa mstari ulionyooka kiasi cha kutisha. Nilikuwa nimesoma habari zake mara nyingi na sikuwahi kuziona. Zilipita juu ya vichwa vyetu bila kishindo, na katekista alikuwa anazihesabu kwa sauti, kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba, na watu waliokuwa karibu wakaacha kutazama mbinguni wakaanza kumtazama yeye. Alifika hamsini na moja. Upande wa mashariki zikaanza kupotea, moja baada ya nyingine, mahali palepale, mpaka ya mwisho.

Nikasubiri watu waseme kwamba sasa wameelewa.

Bibi mmoja mbele yangu ndiye aliyeanza. Alimwambia mwenzake, kwa heshima kubwa, kwamba yule dada wa Mwanza ameziita kwa simu.

Nilijaribu kukanusha. Nilieleza kwamba simu haiiti kitu, inataja saa tu. Mtu mmoja akaniuliza ni nani basi anayeiambia simu hiyo saa. Nikasema wenye setilaiti. Akasema ndivyo hivyo, una namba zao. Nyuma yake kijana akaomba kama naweza kuzirudisha, kwa kuwa mke wake alikuwa ameinama kumfunika mtoto na hakuona. Kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kunisogelea kwa adabu, na mama wa maandazi akanipa mawili na kuniambia hayo ni zawadi.

Nikamgeukia mzee anisaidie. Alikuwa bado anatazama mashariki.

"Ndizo hizi?" nikamuuliza.

Alifikiri. "Zinafanana. Ila zangu zilikuwa zinatoka mlangoni. Hizi zimeingia."

Hili nilikuwa na jibu lake, na nililitoa kwa shukrani: dunia ina kivuli, alfajiri setilaiti zinatoka kivulini ndiyo maana zinatokea moja moja, na jioni zinaingia kivulini ndiyo maana zinapotea moja moja. Mzee akalipima hilo kichwani na uso wake ukatulia.

"Asubuhi zinatoka, jioni zinaingia," akasema. "Kama ng'ombe."

Maelezo hayo yakapita kwenye tuta haraka kuliko yangu yote. Kabla hatujafika nyumbani nilikuwa nimesikia watu watatu tofauti wakiwaeleza wenzao kwamba taa zile ni kundi la mtu, zinakwenda malishoni na kurudi, na kwamba mpimaji wa macho amethibitisha.

Mkutano wa Jumamosi ulifanyika asubuhi, chini ya paa la bati la ghala la mpunga. Ajenda ya kwanza ilikuwa kumwondoa mwenyekiti. Kabla haijasomwa, katekista akasimama. Alikuwa amevaa miwani. Kulikuwa na mwanga wa kutosha na kila mtu aliiona.

"Siku ile nilikuwepo," alisema, "lakini macho yangu hayakuwepo. Nilisema hakuna kitu kwa sababu mimi sikuona kitu. Shemeji, nimekukosea mbele ya watu, naomba radhi mbele ya watu."

Mzee alisimama, akamwambia yameisha, akamwomba aketi. Katibu akauliza kama kuna mwenye hoja juu ya ajenda ya kwanza, na hakuna aliyekuwa nayo, wakaingia ya pili, ambayo ilihusu kiboko aliyekuwa anaharibu tuta.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo kwa akili. Tulipotoka ghalani, nilikuta kundi la akina mama wamemzunguka katekista wanamshika mikono. Jana jioni alikuwa haoni, taa zimepita, akaanza kuhesabu. Kwao jambo lilikuwa wazi: taa zimemponya. Katekista, mtu wa kanisa, alikuwa katika taabu kubwa: alionyesha miwani, akasema ni miwani, akalitaja na duka ilikotoka, akanionyesha mimi kwa kidole. Akina mama wakakubali kwamba ni miwani, na wakamwuliza mbona hakuwa nayo kabla. Alinitazama kama yule mume aliyedai hakumwona mkwewe. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Kabla sijaondoka, mzee alinichukua kwenda kuona mlango wa maji. Ulikuwa ubao wa mbao tu kwenye nguzo mbili za saruji. Akaweka mkono juu yake, akaniambia kwamba amekubali habari za setilaiti, tena amezipenda. Halafu akanionyesha mahali, juu kidogo ya nguzo ya kulia, ambapo ile kubwa ilikuwa imesimama. Aliniuliza ile ilikuwa nini.

Nilijaribu kila nilichokuwa nacho. Si nyota ya asubuhi, alikuwa ameiona upande mwingine. Nikauliza kuhusu ndege, akasema hata kipepeo akipita angemsikia saa ile. Nikauliza kuhusu wavuvi wa dagaa na taa zao, maana wakati mwingine hewa ya ziwa huziinua zikaonekana zinaelea. Akanionyesha ziwa lilipo, na lilikuwa nyuma yetu kabisa. Na mimi ndiye niliyeyapima macho yale. Nilijua yanaona mpaka wapi, na nilikuwa nimetia sahihi.

"Sijui, mzee," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kwa kuridhika, na kuniambia hata yeye hajui, na kwamba tangu siku ile hajapata mtu wa kutojua naye.

Nilirudi Mwanza na gunia la mchele na jogoo mweusi aliyekuwa akiwika tangu Magu mpaka Buzuruga. Nilidhani habari itabaki huko. Jumanne yake simu ililia nikiwa na mteja kitini, na alikuwa mama yangu, anayeishi Bukoba, ng'ambo ya ziwa, na ambaye hunipigia Jumapili tu baada ya ibada. Nikamwamkia. Akaniitikia, akaniambia kwamba kuna mama mmoja wa kwaya yao ana ndugu Magu, na ndugu huyo amemwambia kwamba naita nyota.

Nilimweleza yote tangu mwanzo, setilaiti, programu, kivuli cha dunia. Mteja wangu alikuwa anasikiliza jicho moja likiwa limefunikwa. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza, maana ni mtu mwenye subira.

"Ulisali kwanza?" akaniuliza.

"Mama, sikuziita."

"Nimesikia. Nauliza kama ulisali kwanza."

Nikasema tulisali kabla ya wali. Akasema basi haina neno, akaanza kunieleza habari za migomba yake.